Sindano ya kutuliza kinga baada ya kuumia uti wa mgongo: uinunue, au pesa iende kwenye kulinda kinga?

Mtu akianguka kutoka juu ya mfenesi, au boda boda ikigongwa na abiria akatupwa mtaroni, na miguu ikakataa kusogea, saa za kwanza hospitalini zinajaa karatasi. Karatasi ya picha, ya kola ya shingo, ya damu. Wakati mwingine inakuwemo ya methiliprednisoloni, steroidi ya sindano inayotuliza kinga, na familia inatumwa kuitafuta duka la dawa la nje. Kisha anapita daktari mwingine na kusema dawa hiyo yeye aliiacha zamani. Wote wawili wamesoma, na kila mmoja ana utafiti wa kuutegemea.

Ulinganisho huu ni wa yule anayebaki katikati yao, iwe mke, kaka au mama, akiwa na pesa iliyochangwa na ukoo mzima. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Kampala, na upande wangu nautaja mapema: kwa wagonjwa wengi wanaofika kwetu, pesa hiyo ina faida zaidi ikitumika kumkinga mgonjwa na maambukizi. Sababu ni namna chembe za kinga zinavyofanya mgongo ukishaumia, kwa hiyo naanza na hizo.

Ndani ya uti kinga imezidi, mwilini imepungua

Uti wa mgongo unaumia mara mbili. Mara ya kwanza ni pale pale kwenye ajali, pingili inapovunjika au kuteguka na kuubana uti. Hilo likishatokea limetokea. Mara ya pili inakuja taratibu, kwa saa, siku na wiki: damu haifiki vizuri, uti unavimba ndani ya mfereji wa mfupa usiotanuka, seli zinazokufa zinamwaga kemikali zinazoua za jirani, na kinga ya mwili inaingia kazini.

Za kwanza kuamka ni mikroglia, seli za kinga zinazoishi humo humo kwenye ubongo na uti. Zinaanza kubadilika ndani ya dakika. Baada ya saa chache zinaingia neutrofili kutoka kwenye damu, na kati ya siku ya kwanza na ya tatu ndizo nyingi. Neutrofili zimeumbwa kuua bakteria. Zinakuja na vimeng'enya na kemikali kali, lakini pale kwenye jeraha lililofungwa hakuna bakteria, basi ukali wote unaishia kwenye nyama ambayo huenda ingepona. Nyuma yao zinafuata monosaiti, chembe nyeupe nyingine za damu, ambazo zikifika hugeuka makrofaji, yaani seli zinazomeza mabaki, huongezeka kuelekea mwisho wa wiki ya kwanza na kukaa wiki nyingi, hata miezi. Limfosaiti, aina nyingine ya chembe nyeupe, ni chache na huja mwisho.

Mtu akisikia hivi anasema: basi tuzizime zote. Kumbe kazi zake ni mbili. Neva zina ganda la mafuta liitwalo mayelini. Neva ikikatika, ganda hilo linasambaratika na vipande vyake vina protini, mojawapo ni Nogo-A, inayozuia nyuzi za neva kuota tena. Anayevila vipande hivyo na kusafisha ni makrofaji yule yule anayelaumiwa kwa kuharibu. Ni kama umati unaokimbilia ajali barabarani: wapo wanaombeba majeruhi na wapo wanaomkanyaga, na ukiwafukuza wote umemfukuza na mbebaji. Wanasayansi wamejaribu kufukuza wote kwenye panya. Walipoondoa neutrofili na wenzake, panya walitembea vibaya zaidi. Walipoondoa mikroglia, jeraha lilisambaa. Hata lile kovu linalojengwa na astrosaiti, seli zinazozitegemeza neva, kuzunguka jeraha, ambalo kwa miaka mingi lilionekana adui kwa sababu linazuia neva kuota, lilipozuiwa lisijengeke uharibifu ulienea hadi sehemu zilizokuwa nzima.

Hayo ni ya ndani ya uti. Nje ya uti mambo yanageuka, na sehemu hii familia nyingi hazielezwi.

Neva zinazoamrisha bandama, tezi za juu ya figo na mishipa ya damu hutoka kwenye uti sehemu ya kifua. Mtu akiumia juu ya pingili ya sita ya kifua, ubongo unapoteza usemi juu ya neva hizo. Pingili hiyo inaamrisha ngozi ya usawa wa ncha ya chini ya mfupa wa kifua, kwa hiyo asiyehisi kitu kuanzia kwenye chuchu kushuka chini, tayari yuko juu yake. Katika wiki ya kwanza limfosaiti kwenye damu yake hupungua, na monosaiti zilizobaki zinakuwa zimezubaa, haziwatambui wadudu vizuri. Yaani mgonjwa ana kinga iliyozidi mahali pamoja, na iliyopungua kwenye mapafu, kibofu na ngozi. Uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 1,400 nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba waliopata nimonia au maambukizi ya kidonda walirudisha nguvu kidogo kuliko wenzao wasioambukizwa. Kwa hiyo kuzuia nimonia ni sehemu ya kuutibu uti wenyewe.

Kuzima: sindano ya dozi kubwa

Historia yake ni fupi na inafaa kujulikana. Marekani walifanya majaribio matatu yaliyoitwa NASCIS. La kwanza, 1984, lililinganisha dozi kubwa na ndogo. Matokeo ya miguu na mikono hayakutofautiana, ila dozi kubwa ilileta maambukizi zaidi ya vidonda. La pili, 1990, lilikuwa na wagonjwa 487. Kwa jumla yao, dawa haikuonyesha tofauti. Walipowatenga waliodungwa ndani ya saa 8 ndipo ikaonekana faida ndogo ya nguvu za misuli, na kwa matokeo hayo dunia nzima ikaanza kuitumia. La tatu, 1997, lenye wagonjwa 499, liliongeza muda hadi saa 48, na waliopata muda huo mrefu waliugua zaidi nimonia kali na maambukizi ya damu.

Kutafuta faida kwenye kikundi kimoja baada ya jaribio kuu kushindwa ni hoja dhaifu, na madaktari walibishana juu yake kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 2013 vyama vya madaktari wa upasuaji wa neva vya Marekani viliandika wazi kwamba dawa hii isipendekezwe. Mwaka 2017 jopo la AO Spine, chama cha kimataifa cha madaktari wa mgongo, likalegeza kidogo: inaweza kutolewa kwa saa 24, kwa aliyewahi ndani ya saa 8, na ya saa 48 isitolewe. Ndiyo maana madaktari wawili wa wodi moja wanaweza kutofautiana bila yeyote kuwa mjinga.

Sasa tazama dozi yenyewe. Ni miligramu 30 kwa kila kilo kwa dakika 15, kisha miligramu 5.4 kwa kila kilo kila saa, kwa saa 23. Kijana wa kilo 60 atapata miligramu 1,800 mwanzoni na 7,452 baadaye, jumla 9,252. Kwa chupa za gramu moja, ni chupa 10. Kwa nguvu, hiyo ni sawa na vidonge zaidi ya 2,300 vya prednisoloni vya miligramu 5, ndani ya siku moja, kwa mtu ambaye kinga yake nje ya uti inashuka yenyewe. Sukari inapanda, tumbo linaweza kutoa damu, na mapafu yanabaki bila ulinzi. Kwetu kuna na minyoo ya strongiloidi, inayoingia kwa nyayo za anayetembea pekupeku kwenye udongo wenye unyevu. Inaweza kukaa kimya mwilini miaka na miaka, na steroidi ni kitu kinachojulikana kuiamsha ikasambaa mwili mzima.

Kuna jambo moja zaidi kwa walioanguka na boda boda. Baadhi yao kichwa na shingo vimeumia pamoja. Jaribio la CRASH liliwapa watu wazima 10,008 waliojeruhiwa kichwa ama steroidi hii hii ama dawa isiyo na kitu. Ndani ya wiki 2 walifariki asilimia 21.1 ya waliopewa steroidi, na asilimia 17.9 ya wasiopewa. Kama mgonjwa wako alipoteza fahamu kwenye ajali, mkumbushe daktari hilo kabla chupa ya kwanza haijafunguliwa.

Mama mmoja kutoka Bombo alinisimamisha mlangoni akiwa na karatasi mkononi, ameikunja mpaka inataka kuchanika.

"Sista, wameniambia nikikosa hii leo, mtoto hatatembea."

"Mama, aliumia lini?"

"Juzi asubuhi. Lori ilipinduka."

Nilimwomba arudi kwa daktari na kumuuliza jambo moja tu: kama saa 8 zimepita, dawa hii inamsaidia nini? Daktari alisoma faili upya na karatasi ikafutwa. Yule mama hakumkaidi mtu. Aliuliza kwa heshima na akajibiwa kwa heshima, na pesa ikabaki ya kazi nyingine.

Saa 8 ndizo zinazoamua kwa wengi. Kutoka Arua hadi Kampala ni karibu kilomita 500. Kabla ya safari kulikuwa na kituo cha afya, hospitali ya wilaya, kutafuta ambulensi na mafuta yake. Kwa anayetoka huko swali la sindano limeshajijibu kabla hajavuka daraja la Karuma njiani.

Nani basi angeichagua bila mimi kumpinga? Aliyeumia mjini, akafika mapema, jeraha liko shingoni na halijakata kila kitu, kichwa hakikuguswa, hana kisukari wala kifua kikuu, na wodini kuna wauguzi wa kumwangalia usiku kucha. Daktari wake akisema tujaribu saa 24, hilo ni jambo la kukubalika. Faida inayotarajiwa ni ndogo, lakini kwa mtu wa shingo, kidole kimoja kinachosogea ni tofauti kati ya kujilisha na kulishwa.

Kuna wanaochanganya mambo na inafaa niwatenganishe: kama miguu ilidhoofika polepole bila ajali, huenda ni kifua kikuu cha pingili au uvimbe. Steroidi huko zina hoja yake tofauti kabisa, na usikatae chochote kwa sababu ya makala hii.

Kulinda: kazi ya mikono

Upande huu hauna chupa ya kuonyesha wageni waje waione, na nadhani ndiyo maana unadharauliwa. Pesa ile inanunua godoro zuri, glavu, jeli, mipira ya mkojo, chakula chenye mayai na maharage, na nauli ya ndugu wa pili wa kupokezana zamu. Zamu ndiyo nguzo. Mgonjwa ageuzwe kila saa 2, mchana na usiku, mgongo ukiwa umenyooka kama alivyoelekeza daktari, na kila akigeuzwa ngozi ya makalio, visigino na nyonga itazamwe. Wekundu usiofifia ukiubonyeza ni kidonda kilichoanza.

Kwa mapafu, mtu aliyeumia shingo au kifua cha juu hana misuli ya tumbo ya kukoholea, kwa hiyo makohozi yanakaa chini na kuoza. Pingili zikishatulizwa na daktari akaruhusu, mwambie mtaalamu wa fiziotherapia akufundishe kukohoa kwa kusaidiwa. Unaweka viganja viwili chini ya mbavu, juu ya kitovu. Anavuta pumzi mara mbili tatu, ya mwisho kubwa. Anapokohoa, nawe unasukuma kwa nguvu ya pamoja kuelekea ndani na juu. Wake za askari, mabinti wa shule, mzee wa miaka 70: nimewaona wote wakiimudu baada ya kuonyeshwa kwa subira. Makohozi yanatoka usiku ule ule.

Muulize daktari pia kuhusu dawa ya kuzuia damu kuganda miguuni. Si ya kinga, lakini donge likipanda mapafuni linaua haraka kuliko vyote nilivyotaja.

Upasuaji wa mapema haushindani na ulinzi huu. Utafiti wa STASCIS, 2012, uliwaandikisha watu 313 walioumia shingo. Kati ya waliofuatiliwa hadi miezi 6, waliopasuliwa kabla ya saa 24 asilimia 19.8 walipanda ngazi mbili au zaidi kwenye kipimo cha nguvu na hisia, dhidi ya asilimia 8.8 ya waliochelewa. Wagonjwa hawakugawanywa kwa bahati nasibu, kwa hiyo tofauti yote isihesabiwe kwa kisu. Hata hivyo mgongo uliofungwa vyuma unamruhusu mtu kuketi mapema, na kuketi ni dawa ya mapafu. Kama pesa inatosha chuma au sindano, kimoja tu, mimi ningeweka chuma.

Mpira wa mkojo: wa kukaa au wa kuingiza na kutoa

Uamuzi huu unafanywa bila mabishano, mara nyingi bila hata kuulizwa, na matokeo yake yanamfuata mtu maisha yote. Siku za mwanzo, maji ya mshipani yakiwa yanakwenda, mpira wa kukaa ndio sawa. Tatizo ni kuruhusiwa kwenda nyumbani nao kwa sababu hakuna aliyefundisha njia nyingine.

Mpira wa kukaa unampa mwenye kuuguza usingizi na unamfaa asiye na mikono wala msaidizi. Lakini ni njia iliyo wazi kwa bakteria saa zote, na wao hujenga utando juu ya mpira ambao chembe nyeupe na antibayotiki haziupenyi vizuri. Unaziba, unachubua, na kwa miaka unaleta mawe kwenye kibofu. Mpira wa kuingiza na kutoa kila saa 4 hadi 6 unakiacha kibofu kijae na kumwagika kama kilivyoumbwa, na maambukizi hupungua. Ludwig Guttmann, aliyefungua kituo cha majeruhi wa mgongo Stoke Mandeville nchini Uingereza mwaka 1944, aliufanya kwa masharti ya chumba cha upasuaji. Mwaka 1972 Jack Lapides wa Marekani akaonyesha kwamba mikono iliyonawiwa kwa sabuni na mpira safi vinatosha. Kwa nyumba ya Kasese au Koboko yenye jerikani la maji na sabuni, hiyo ndiyo habari njema kuliko zote katika makala hii.

Masharti yapo. Kibofu kisipite mililita 500, hivyo maji ya kunywa yapangwe, karibu lita 2 zikigawanywa mchana kutwa. Akiruka mara moja moja kwa sababu ya safari ya matatu, kibofu kinafura. Kwa aliyeumia juu ya pingili ya sita ya kifua, kibofu kilichofura kinaweza kuamsha hatari: kichwa kinagonga, jasho linatoka sehemu ya mwili iliyo juu ya usawa wa jeraha, uso unawaka, presha inapanda ghafla. Mketishe wima, mlegeze nguo, toa mkojo au nyoosha mpira uliojikunja, kisha angalia choo kigumu. Isiposhuka, ni dharura ya hospitali, na umwambie anayewapokea kwamba presha yake ya kawaida ni ya chini, labda 100, ili 140 isionekane ndogo. Kwenye panya, mawimbi haya ya presha yakirudiarudia yaliiporomosha kinga yao kwa muda mrefu. Kumwaga mkojo kwa saa yake ni kulinda chembe nyeupe.

Chaguo langu kwa mwenye mikono inayofanya kazi ni wa kuingiza na kutoa, bila kusita. Kwa asiye na mikono, inategemea kama yupo mtu wa kudumu nyumbani. Kama hayupo, mpira wa kukaa unaobadilishwa kwa ratiba na mfuko unaoning'inia chini ya kibofu ni bora kuliko mpango mzuri usio na mtekelezaji.

Vinavyouzwa kwa matumaini

Hapa sitakaa. Minosaiklini, antibayotiki inayotuliza mikroglia kwenye panya, ilijaribiwa Kanada kwa watu 52. Ilikuwa salama, ila tofauti haikutosha kuitwa faida. Makrofaji za mgonjwa mwenyewe, zilizolelewa maabara na kudungwa kwenye uti ndani ya siku 14, zilijaribiwa kwa watu 43 na hazikusaidia. Hao walikuwa watafiti wa kweli waliochapisha hata kushindwa kwao. Anayekupigia simu akiuza seli shina nje ya nchi kwa bei ya shamba la ukoo, mwombe jaribio lililochapishwa. Kabla ya kuuza ardhi, nenda Kisubi kwenye hospitali ya CoRSU uulize gharama ya marekebisho na kiti cha magurudumu kinachomfaa.

Homa nyumbani

Nchini kwetu homa ikipanda mkono unakwenda kwenye dawa ya malaria. Kwa mtu wa mgongo pima kwanza, na hata kipimo kikisema malaria ipo, usiishie hapo: mgeuze utazame ngozi yote, sikiliza kifua, tazama mkojo kama umebadilika. Kwa upande wa pili, bakteria kwenye kipimo cha mkojo bila homa, bila baridi, bila kukakamaa kupya kwa miguu, kwa kawaida hawatibiwi. Karibu kila anayetumia mpira wanao, na antibayotiki za kila mwezi zinawafundisha kuzishinda. Akikuandikia mtu antibayotiki kwa karatasi ya maabara peke yake, muulize mgonjwa anaumwa nini kwanza.